Kumlilia Bibi Nhieu

Kijijini Lang Khe, kulia si machozi. Machozi hata kitunguu kinayatoa, na sijasikia mtu akikisifu kitunguu kwa uchungu wake. Kulia ni maneno. Mkamwana akifiwa na mama mkwe wake anatakiwa avae ukaya mweupe wa msiba, apige magoti mbele ya jeneza, na aseme mama wee, umetuacha na nani, nani atatuamsha alfajiri, nani atatukanya. Anaendelea hivyo kwa sauti ya kuvuta, akitaja mema ya marehemu moja baada ya jingine bila kukwama, mpaka majirani waliofuata tambuu na chai wajikute wanapenga kamasi. Anayetoa machozi matupu huambiwa ametokwa na maji ya macho. Hakulia.

Sasa Thoa, mke wa Luan mfuga bata, alikuwa hajui kulia.

Hakuna aliyekuwa mwepesi wa machozi kama yeye. Bata akivunjika mguu, Thoa machozi. Mchezo wa redio ukifika pabaya, Thoa machozi, mpaka Luan anazima redio wale chakula kwa amani. Lakini umwambie atoe sauti na maneno mbele ya watu, koo linafunga kabisa, na likifunguka kinachotoka ni kicheko. Kwenye msiba wa baba yake mzazi alitoa kwikwi moja tu, na shangazi zake wanaisema kwikwi ile hadi leo.

Bibi Nhieu, mama mkwe wake, aliyajua hayo tangu zamani na aliyavumilia kama alivyovumilia kasoro nyingine zote za Thoa, yaani kwa kuzitaja kila siku. Uvumilivu wenyewe ulimwishia siku alipotoka kumzika Bibi Can, rafiki yake wa utotoni. Alirudi nyumbani na kitambaa cheupe bado kichwani, akaenda moja kwa moja chumba cha kati, akakaa juu ya jeneza lake. Lilikuwa jeneza zuri la mbao za mfenesi, alilochongesha mwenyewe alipotimiza miaka sabini, na kila mwaka mpya alikuwa akilipaka rangi nyekundu kwa mkono wake. Mle ndani waliweka karanga.

"Wamemtupa rafiki yangu kama gunia," alisema.

"Si walilia, Mama? Nimewasikia mpaka huku."

"Walipiga kelele. Mkamwana mmoja alisahau maneno akaanza upya. Mwingine analia huku anatazama sufuria za wenzake. Njoo hapa. Nililie nisikie."

Thoa alidhani ni utani. Alikuwa anamenya vitunguu saumu, akaendelea kumenya. "Nikulilie vipi na wewe mzima, Mama?"

"Ndiyo vizuri. Nikishakufa nitakusahihisha vipi?"

Hapo Thoa aliweka kisu chini, maana sauti ya mama mkwe wake haikuwa na utani hata kidogo.

"Leo ndiyo leo," alisema Bibi Nhieu. "Ukiweza, umeweza. Ukishindwa, siku yangu ikifika Huyen ndiye atakayevaa ukaya wa mbele. Wewe utakuwa jikoni na wapishi, unachemsha nguruwe."

Huyen alikuwa mke wa mtoto wa mwisho. Aliuza vitambaa sokoni, ng'ambo ya mfereji, na alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alikuja kumsalimia mama mkwe sikukuu kwa sikukuu, na biskuti za bati. Thoa ndiye aliyeishi naye. Yeye ndiye aliyemsugua mgongo kwa mafuta, akamchemshia majani ya kunawia nywele, akagombana naye asubuhi, mchana na jioni. Kuwekwa jikoni siku ile kungekuwa kama kukiambia kijiji kizima kwamba huyu alikuwa mtumishi tu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata Luan: alitaka awe yeye. Hakujua kwa nini, maana mama huyu alimchosha kweli kweli, lakini siku hiyo ikifika alitaka awe yeye na si mwingine.

"Haya, Mama," alisema. "Nitajaribu."

Bibi Nhieu alisema kulia kwa msiba hakuwezi kusikilizwa kutoka kitini, sauti inapita juu. Kwa hiyo wakatoa karanga. Akaingia ndani ya jeneza na mto wake na kifuko cha tambuu, akajinyoosha, akalalamika kwamba fundi alimpunja upande wa mabega, kisha akaamuru kifuniko kirudishwe na kuachwe mwanya wa kupitisha mkono.

Thoa akapiga magoti. Akafungua kinywa. Akacheka.

"Nasikia," ilisema sauti ya ndani.

"Samahani, Mama." Akavuta pumzi. "Mama wee, mama uliyenilea..."

"Nimekulea wapi mimi? Umekuja hapa umeshakomaa, unakula bakuli nne. Sema jingine."

"Mama wee, umekwenda ukatuacha..."

"Unasoma tangazo la mkutano? Vuta sauti. Bata unawaitaje jioni?"

Hilo Thoa aliliweza. Sauti yake ya kuita bata ilivuka majaruba mawili ya mpunga na mfereji bila shida. Akafumba macho asijione, akajaza kifua, akaitoa: "Mama weee, mama weee, umekwenda wapi mama weee." Akairudia tena na tena, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Ndani ya jeneza Bibi Nhieu akagonga ubao kwa kuridhika.

Waliokuja kwanza ni bata. Waliingia uani kwa mstari kutoka jarubani, wakapanda kizingiti, wakamzunguka Thoa wakidai chakula. Nyuma yao akaja Bibi Mao wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye mbio kuliko umri wake, mkononi bakuli la wali wa moto, juu yake yai la kuchemsha na vijiti viwili vimesimama, kama anavyowekewa maiti. Alikuwa ameshamtuma mumewe kwa mwenye kipaza sauti cha kijiji.

"Pole mwanangu," alisema, na kuweka bakuli juu ya jeneza. "Jana tu kanitukana, alikuwa na nguvu zake."

"Bibi Mao, hajafa."

Bibi Mao akamkumbatia kwa nguvu. "Najua. Hata mimi mzee wangu wa kwanza alipokufa nilisema hivyo hivyo. Nilimpelekea chai wiki nzima."

"Yumo humu ndani, mzima kabisa."

"Yumo, ndiyo. Na mioyoni mwetu yumo."

Thoa aliinama kwenye mwanya kumwomba mama mkwe wake atoke. Vidole vikatoka, vikamshika kola.

"Nyamaza," alinong'ona Bibi Nhieu. "Waache waje. Nataka kusikia wanavyonisema."

"Mama, hii ni aibu."

"Aibu ya nani? Mimi nimekufa."

Basi Thoa angefanya nini? Wakati huo kipaza sauti kilikuwa tayari kimekohoa na kutangaza kwa masikitiko, na watu walikuwa wanaingia na uvumba, na chai, na pombe ya mchele. Mzee Trac mpiga zumari alifika na zumari yake mdomoni. Luan alifika mbio, tope mpaka mapajani, akifuata bata wake waliokimbia bila sababu. Aliposikia habari alikaa kizingitini, akampakata bata mmoja. Mke wake alimwendea akamnong'oneza sikioni kwamba mama yake ni mzima, yumo humo anasikiliza. Luan alimtazama kwa huruma nyingi, akamwambia apumzike kidogo.

Mtu mmoja aliuliza imekuwaje marehemu ameshaingizwa jenezani kabla hata ya kutazamiwa saa njema.

"Ameingia mwenyewe," alisema Bibi Mao. "Humjui? Angengoja wewe umuweke?"

Wote wakakubali kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Wakakaa, wakafungua tambuu, wakaanza kumsema. Walimsema kuwa alikuwa hodari wa kupanda mpunga, na kwamba mdomo wake ungeweza kumenya muwa. Katikati ya mazungumzo hayo yai lilitoweka juu ya bakuli. Bata walilaumiwa, wakafukuzwa uani, na Thoa peke yake ndiye aliyesikia mtu anatafuna.

Ndipo Huyen akaingia.

Alikuwa ameshafungua nywele njiani. Ukaya aliovaa ulikuwa wa kitambaa chepesi cha dukani kwake, kimekatwa vizuri, kinamshuka mpaka kiunoni. Hakumsalimia mtu. Alianguka mlangoni, akajikokota kwa magoti mpaka kwenye jeneza, akaweka paji la uso kwenye mbao, na kulia.

Jamani, Huyen alilia. Tumpe haki yake. Sauti ilianzia chini, ikapanda taratibu, ikatetemeka pale panapotakiwa kutetemeka. "Mama wee, mama mwenye sauti laini, uliyetuongoza bila kutukaripia. Mama wee, mikono yako haikujua kunyima. Mpita njia alikula kwako kabla yako. Mama wee, hatukukuona ukinuna, hatukukusikia ukilalamika. Umepita duniani kimya kimya, hukumkosea mtu." Mzee Trac akaidaka sauti ile na zumari akaifuata. Wanawake wakalia, wanaume wakatazama dari. Bibi Mao, aliyetukanwa jana, alilia mpaka akaloa kifuani.

Thoa pia alilia, yaani alitokwa na maji ya macho. Alisimama kando ya jeneza akiwa na vitunguu saumu bado vinanukia vidoleni, akajiona tayari jikoni na wapishi. Hakumchukia Huyen. Alijua tu kwamba yeye hawezi hayo, hata afundishwe mwaka mzima.

Vidole vikatoka tena kwenye mwanya, vikavuta nguo yake. Akainama.

"Nani huyo?" alinong'ona Bibi Nhieu.

"Huyen, Mama."

"Sauti ni ya Huyen, hilo najua, mimi si kiziwi. Nauliza anayeliliwa ni nani?"

Thoa akainua kichwa. Huyen alikuwa amemaliza, wanawake wawili wanamwinua, na watu wote wamegeuka kumtazama yeye. "Mkamwana mkubwa sasa," alisema Mzee Trac, akaweka zumari tayari.

Alipiga magoti. Koo likafunga kama kawaida yake. Aliyatafuta yale maneno ya Huyen, sauti laini, mikono isiyojua kunyima, na kila alipolishika moja kicheko kilimpanda kifuani, kwa sababu alimjua mwenyewe. Akauma mdomo. Watu wakaanza kukohoa. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu hata kwa baba yake alitoa kwikwi moja. Luan aliinamisha kichwa juu ya bata.

Kisha kupitia kwenye mwanya mkono ukatoka chini ya mkunjo wa ukaya ambao Bibi Mao alikuwa amemvika, ukampata mnofu wa mkono, ukamfinya kwa makucha.

"Mama wee," alisema Thoa, kwa maumivu hasa, "hata leo unanifinya?"

Zumari ikasita.

"Mama wee, umenifinya tangu nilipoingia nyumba hii, nani atanifinya tena? Nani ataonja mchuzi wangu wa kaa, aniulize kama nimewapikia bata? Mama wee, chupa ya mchuzi wa samaki uliificha kitandani kwako, ukaniacha natafuta nyumba nzima, na wewe umeilalia." Sauti yake ilikuwa ile ya majaruba mawili na mfereji, na sasa ilikuwa inakwenda yenyewe. "Mama wee, ulisema pua yangu itawaharibia wajukuu sura. Mtoto akazaliwa na pua hii hii, ukambeba kijiji kizima unasema tazameni pua ya ukoo wetu. Mama wee, nilipougua ulinilisha uji kijiko kwa kijiko, na kila kijiko unanitukana. Nani atanitukana nipone?"

Bibi Mao alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anasikiliza kwa kinywa wazi.

"Mama wee, siku ile nilipokukimbia nikarudi kwetu, ulinifuata na baiskeli ya Luan, na kuendesha hujui, ukaisukuma njia nzima na mvua inakunyeshea. Ukasimama uani kwa baba yangu unachuruzika maji. Hukuomba radhi, Mama wee, mpaka leo hujaomba. Ulisema nirudishieni mtu wangu, sina wa kugombana naye. Sasa umekwenda, Mama wee, mimi nitagombana na nani?"

Kifuniko kikaanguka. Bibi Nhieu akakaa wima katikati ya jeneza, nywele zimesimama.

"Mvua haikunyesha," alisema.

Nitakachosema kuhusu dakika iliyofuata ni kwamba mlango wa nyumba ile ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi. Mzee Trac alitoka kupitia dirishani, akaacha zumari. Huyen alipiga ukelele ambao haukuwa na mpangilio wowote. Luan alibaki kizingitini, bata kifuani, na watu wakamruka mmoja mmoja. Aliyebaki amesimama ni Bibi Mao peke yake, akimtazama marehemu kidevuni, palipokuwa na kiini cha manjano.

"Lile yai langu," alisema.

"Halikuiva," alisema Bibi Nhieu, akamgeukia Thoa. "Yalikuwa manyunyu tu. Unanililia uongo mbele za watu?"

"Ilikuwa mvua, Mama. Ulilowa mpaka tukakuvua nguo kwa baba."

"Manyunyu."

"Mvua kubwa. Mfereji ulifurika."

"Mfereji ulifurika kesho yake."

Waligombania mvua ile mpaka watu wakaanza kurudi, kwanza vichwa dirishani, kisha miili, kwa kuwa hakuna mzimu unaobishana hivyo, na pia chai na pombe zilikuwa zimebaki ndani. Huyen alirudi akasimama karibu na ukuta, akiukunja ukaya wake na kuukunjua. Bibi Nhieu akamwona, akamwita karibu, akamshika mkono kwa upole ambao hakuna aliyeujua.

"Umelia vizuri sana, mama," alimwambia. "Nimesikia raha. Bibi yule uliyemlilia, siku akifa kweli, niambie nami niende kumzika. Inaelekea alikuwa mtu mwema."

Huyen aliona haya, kisha akacheka, na watu wakacheka naye.

"Lakini mimi atanililia huyu," alisema Bibi Nhieu.

"Kwa maneno yale?" aliuliza Bibi Mao. "Kijiji kizima kisikie mambo ya chupa?"

"Yale ndiyo yangu. Nikifika huko niendako, wakaniuliza anayeliliwa kule nyumbani ni nani, nitasema ni mimi. Angelia Huyen ningekaa natazama nyuma nione kama kuna mwingine anakuja."

Kipaza sauti kilikohoa tena, kikatangaza kwa masikitiko kwamba Bibi Nhieu hajafa, na watu wakamimina pombe.

Thoa hakunywa. Alimwendea mama mkwe wake kumtoa jenezani, kwa maana kingo zilikuwa juu na magoti ya mzee yalikuwa yamekufa ganzi. Akapitisha mkono mmoja chini ya mapaja na mwingine mgongoni, akajikaza ili ainue mzigo, na nusura aanguke kinyumenyume, kwa sababu mzigo haukuwepo. Bibi Nhieu alikuwa hana uzito. Ule mdomo wote, ule ukali wote, na chini yake mwili mdogo kiasi hicho, na Thoa alikuwa akimsugua mgongo kila siku bila kuona kwamba unapungua.

Akasimama naye mikononi katikati ya chumba. Akafungua kinywa aseme kitu. Hakuna neno lililotoka, hata mama wee, maji tu yalimshuka bila kukoma, yakadondoka kwenye nywele za mzee. Kwa kijiji kile hicho hakikuwa kilio hata kidogo. Watu wakatazama vikombe vyao.

Bibi Nhieu alimwacha kwa muda, mikono shingoni mwake.

"Basi, basi," alisema. "Usiyamalize yote leo."